Kufundisha Mekanika ya Kwanta kwa Karatasi Shirikishi za Aljebra ya Kompyuta: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Chuo Uganda

Karatasi ya kwanza niliyowaandalia wanafunzi wangu wa mwaka wa pili ilikuwa na seli (visanduku vya kuandikia amri au maelezo) zaidi ya 40, zote zimejazwa amri tayari, na kila amri nilikuwa nimeijaribu ikatoa jibu sahihi. Darasa zima liliimaliza kwa dakika 20. Walibonyeza Shift na Enter seli baada ya seli, michoro ya rangi ikiwapita kama vibao vya barabarani vinavyompita abiria wa basi la usiku, mpaka wakafika chini na mmoja wao akainua mkono: “Tumemaliza, Mwalimu.” Nikamwita ubaoni achore fankisheni ya wimbi ya hali ya tatu ya chembe iliyofungwa kisimani, yaani kati ya kuta mbili, mchoro aliokuwa ameuona kwenye skrini muda si mrefu. Akachukua chaki, akachora mstari wa mlalo, akageuka kunitazama.

Kosa halikuwa lake. Karatasi yangu ilikuwa imemfanyia kila kitu, ikiwamo kazi ya kufikiri, na yeye alibakiwa na kazi ya kubonyeza. Mwongozo huu unaeleza namna ninavyoziandaa karatasi hizo sasa, na kanuni inayoubeba wote ni moja: seli yoyote inayotoa jibu itanguliwe na seli tupu ambamo mwanafunzi ameandika, kwa maneno yake, anatarajia jibu gani na kwa nini.

Karatasi shirikishi ni kitu gani, na inamfaa nani

Karatasi shirikishi ni faili la kompyuta lenye maelezo, fomula, amri na michoro mahali pamoja, ambalo mwanafunzi anaweza kulibadilisha na kuliendesha upya. Aljebra ya kompyuta ndiyo injini iliyo ndani yake: ni programu inayoshughulika na alama zenyewe, si tarakimu peke yake, hivyo ukiiomba intigrali ya sin² inakurudishia fomula na si desimali tu. Mwanafunzi anayeanza kazi hii anapaswa kuwa amepita kalkulasi ya mwaka wa kwanza na namba changamano. Wengi wanaotoka kidato cha sita wameshakutana na athari ya fotoelektriki na ngazi za nishati za atomu, lakini mlinganyo ambao Erwin Schrödinger aliutoa mwaka 1926 kwa kawaida wanauona kwa mara ya kwanza chuoni, tena katika ukurasa uliojaa alama wasizozizoea.

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia kweli. Somo hili lina ugumu wa aina mbili, ugumu wa hesabu na ugumu wa maana, na mwanafunzi aliyezama kwenye intigrali ya kurasa mbili hana nafasi ya kujiuliza jibu lake lina maana gani. Mashine ichukue sehemu ya ugumu wa kwanza. Ule wa pili usiiachie hata kidogo.

Hatua ya kwanza: chagua programu, kisha iweke bila kutegemea intaneti

Mathematica, iliyotoka mwaka 1988, na Maple ni programu zenye nguvu, ila leseni zake ni za kulipia, na mwanafunzi akihitimu huenda asiweze kuendelea kuzitumia. Za bure zinatosha kabisa. Maxima, iliyotokana na mradi wa Macsyma ulioanza katika chuo cha MIT nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, ni nyepesi na inakubali kompyuta za zamani ambazo maabara zetu nyingi bado zinazo. Mimi natumia SymPy, ambayo ni maktaba ya lugha ya Python, ndani ya Jupyter, programu ya kuandika na kuendesha karatasi hizi, kwa sababu Python itamfaa mwanafunzi hata akiacha fizikia akaenda kufanya kazi benki. Ikiwa kompyuta zako ni dhaifu mno, chukua Maxima pamoja na sura yake ya wxMaxima, na utaratibu wote ulioelezwa hapa utabaki uleule, isipokuwa amri zitabadilika.

Usiwaambie wanafunzi 30 wapakue programu siku ya somo, kila mmoja kwa data yake. Kaa mahali penye intaneti nzuri, kwa mfano kwenye chuo kilichounganishwa na mtandao wa RENU (mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti Uganda), na kwa kompyuta moja tu andika:

```
pip download sympy numpy matplotlib notebook ipywidgets -d vifurushi
```

Folda ya vifurushi itajaa mafaili yote yanayohitajika. Ihamishie kwenye flashi, na katika kila kompyuta ya maabara andika:

```
pip install --no-index --find-links=vifurushi sympy numpy matplotlib notebook ipywidgets
```

Angalizo moja litakuokolea asubuhi nzima: kompyuta uliyopakulia na zile unazowekea ziwe na mfumo endeshi wa aina moja na toleo moja la Python, vinginevyo baadhi ya vifurushi vitakataa. Weka pia kisakinishi cha Python chenyewe kwenye flashi hiyohiyo. Kwa wanafunzi wenye simu tu, laptopu ya mwalimu inaweza kugeuzwa seva kwa kutumia JupyterHub. Wanafunzi huunganishwa nayo kwa ruta ya kawaida ya Wi-Fi isiyo na intaneti yoyote, kisha hufungua karatasi kwenye kivinjari cha simu. Kioo cha simu ni kidogo kwa kazi ya namna hii, lakini wawili wakishirikiana simu moja somo linakwenda.

Hatua ya pili: andaa swali moja kwa kalamu kabla ya kugusa kompyuta

Kila karatasi iwe na swali moja ambalo mwanafunzi atatoka amelijibu. Kwa karatasi ya kwanza mimi huuliza: kwa nini chembe iliyofungwa mahali finyu haiwezi kuwa na nishati yoyote ipendayo? Naanzia nje ya kompyuta, kwa adungu, kinubi cha nyuzi cha Uganda. Uzi wa adungu umefungwa ncha zote mbili na hautoi sauti ya kila namna, unatoa zile tu ambazo mawimbi yake yanatulia kwenye ncha. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kukaa karibu na mpigaji analielewa hilo bila mlinganyo. Fankisheni ya wimbi ya chembe iliyo kisimani, kati ya kuta mbili zisizopenyeka, nayo lazima iwe sifuri kwenye kuta zote mbili, na sharti hilo la mipaka ndilo linalochuja nishati.

Waambie palepale mfano unaishia wapi. Kwenye uzi, marudio huongezeka kwa uwiano wa n, yaani 1, 2, 3, 4. Kisimani, nishati huongezeka kwa uwiano wa n², yaani 1, 4, 9, 16. Asiyeambiwa tofauti hiyo ataibeba adungu mpaka kwenye mtihani.

Hatua ya tatu: jenga karatasi ya kwanza

Seli ya kwanza ni maelezo mafupi. Ya pili ni tupu, juu yake pameandikwa: “Chora kwenye daftari lako fankisheni tatu za kwanza zinazokidhi sharti la mipaka, kisha eleza hapa kila moja ina mafundo (mahali inapokuwa sifuri) mangapi ndani ya kisima.” Ndipo zinapofuata amri:

```
from sympy import *
x, L, m, hbar = symbols('x L m hbar', positive=True)
n = symbols('n', integer=True, positive=True)
f = sin(n*pi*x/L)
simplify(-hbar**2/(2*m)*diff(f, x, 2)/f)
```

Mstari wa mwisho unatumia opereta ya nishati juu ya f na kugawanya jibu kwa f yenyewe. Jibu halina x ndani yake: ni π²ħ²n²/(2mL²), ambapo m ni tungamo la chembe, L ni upana wa kisima, na ħ (hbar kwenye amri) ni konstanti ya Planck h ikigawanywa kwa 2π. Usilipite haraka. Uliza darasa x imekwenda wapi, na kungekuwa na maana gani kama ingebaki. Kisha wape waweke x*(L-x) mahali pa f, wajionee x inavyogoma kuondoka, kwa sababu fankisheni hiyo inakidhi sharti la mipaka lakini si hali tuli, yaani hali yenye nishati moja kamili. Wanafunzi wengi huelewa dhana ya thamani maalumu ya opereta, yaani namba inayobaki opereta inaporudisha fankisheni ileile ikiwa imezidishwa tu, katika dakika hizo kuliko katika mihadhara miwili ya ubaoni.

Inayofuata ni kuirekebisha fankisheni ili jumla ya uwezekano iwe 1. Max Born alipendekeza mwaka huohuo wa 1926 kwamba mraba wa ukubwa wa fankisheni ya wimbi usomwe kama msongamano wa uwezekano, kwa hiyo intigrali yake kutoka ukuta hadi ukuta haiwezi kuwa na thamani nyingine:

```
simplify(integrate(f**2, (x, 0, L)))
```

Jibu ni L/2, basi kizidishi kinachohitajika ni √(2/L). Intigrali hii waifanye pia kwa mkono, angalau mara moja. Mtu asiyewahi kuifanya kwa mkono hana njia ya kutambua siku mashine itakapomjibu ovyo kwa sababu yeye mwenyewe ameiuliza ovyo.

Hatua ya nne: iache mashine ikosee mbele yao

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, nayo nilijifunza kwa bahati mbaya. Siku moja nilisahau kuitambulisha n kuwa namba kamili, na badala ya L/2 yakatoka maneno marefu yenye sin na cos za πn. Nilitaka kurekebisha kimyakimya, lakini mwanafunzi wa mbele alikwisha kuona. “Mwalimu, kompyuta imekataa kurahisisha.” Nikamuuliza: kwani wewe unajuaje kwamba sin(πn) ni sifuri? Akajibu ni kwa sababu n ni namba kamili. Nani aliyeiambia kompyuta hivyo?

Tangu siku hiyo nalifanya kosa hilo kwa makusudi. Futa neno integer=True, endesha upya, na uwaulize ni sehemu gani ya jibu lile refu inayotokana na hesabu tupu, na ni ipi inayohitaji fizikia. Halafu futa na positive=True kwenye L, uone programu inavyoanza kukupa jibu lenye masharti kadhaa, kwa kuwa haijui kama upana wa kisima ni chanya, hasi au sifuri. Kwa mtu, upana hasi ni upuuzi. Kwa mashine, L ni herufi tu.

Yapo makosa mengine ya aina hii yatakayojitokeza yenyewe, na ni vizuri uyajue kabla. Katika SymPy, herufi kubwa E tayari ni namba 2.718 ya logarithimu asilia, kwa hiyo mwanafunzi anayeandika E akidhani ni nishati, kabla hajaipa thamani, atapata hesabu isiyolalamika ila ni ya uongo. Mwelekeze aandike neno nishati. Herufi kubwa I ndiyo kipeuo cha pili cha -1, wala si i ndogo. Ukiandika 1/2 Python inakupa desimali 0.5 na uzuri wa jibu la alama unapotea, hivyo tumia Rational(1,2). Nalo kosa linalowasumbua kuliko yote ni kuendesha seli bila kufuata mpangilio: mwanafunzi anarudi juu, anabadilisha L, anaruka seli tatu, kisha analalamika kwamba mchoro haueleweki. Kabla ya kukuita, na awe ameanzisha injini upya na kuendesha seli zote tangu mwanzo. Robo tatu ya mikono iliyoinuliwa katika darasa langu hushuka kwa agizo hilo moja.

Hatua ya tano: weka namba halisi

Fomula isiyowahi kubeba kilo na mita hubaki kuwa pambo. Mpe elektroni yenye tungamo la 9.109 × 10⁻³¹ kg katika kisima chenye upana wa nanomita 1, pamoja na konstanti ya Planck, h, ya 6.626 × 10⁻³⁴ J s. Kabla hajaendesha, aandike anakisia nini: je, nishati ya hali ya chini kabisa itakaribia elektronivolti moja, elfu moja, au sehemu ya milioni? Jibu ni takribani 0.376 eV. Tofauti kati ya hali ya kwanza na ya pili ni mara tatu ya hiyo, yaani takribani 1.13 eV, ambayo ni sawa na mwanga wa urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1,100, ng'ambo kidogo ya wekundu tunaouona.

Kisha mpe harage la nusu gramu ndani ya kopo la sentimita 10. Nishati ya chini inakuwa takribani 1.1 × 10⁻⁶² J. Hapo swali la kwa nini hatuoni kwanta jikoni linajijibu lenyewe, na darasa hucheka kidogo, jambo ambalo si baya katika somo hili.

Usiache kumtaka kila mmoja achukue upana wa kisima kutoka kwenye tarakimu mbili za mwisho za namba yake ya usajili: mwenye 37 atumie nanomita 3.7, na mwenye 00 atumie 10. Kunakili kwa jirani kunapungua bila askari.

Hatua ya sita: kitelezi, na swali la fundo la katikati

Sasa ndipo karatasi inapostahili kuitwa shirikishi. Seli hii inachora msongamano wa uwezekano na kutia rangi eneo kati ya a na b:

```
import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt
from ipywidgets import interact

def chora(n=1, a=0.25, b=0.75):
    X = np.linspace(0, 1, 400)
    P = 2*np.sin(n*np.pi*X)**2
    plt.plot(X, P)
    plt.fill_between(X, P, where=(X>=a)&(X<=b), alpha=0.4)
    plt.show()

interact(chora, n=(1, 8), a=(0.0, 1.0, 0.05), b=(0.0, 1.0, 0.05))
```

Ona kwamba ndani ya mchoro tumeandika np.sin, si sin. Ile ya SymPy inashughulika na alama na haipokei orodha ya namba 400. Wanafunzi watazichanganya, na ujumbe wa kosa utakaotokea hautawasaidia sana.

Kitelezi kina hatari yake. Mtu anaweza kukivuta huku na huku kwa nusu saa akifurahia mawimbi yanavyopanda na kushuka, asijifunze lolote. Kwa sababu hiyo swali hutangulia: “Chembe iko katika hali ya kwanza. Je, uwezekano wa kuikuta katika nusu ya kati ya kisima, kutoka L/4 hadi 3L/4, ni nusu, ni zaidi, au ni pungufu? Na katika hali ya pili? Na ya tatu?” Karibu darasa zima husema nusu kwa zote, kwa kuwa eneo ni nusu ya kisima. Mchoro unawatia shaka, na intigrali ndiyo inayokata shauri:

```
p = 2/L*sin(n*pi*x/L)**2
[simplify(integrate(p.subs(n, k), (x, L/4, 3*L/4))) for k in (1, 2, 3)]
```

Majibu ni 1/2 + 1/π, ambayo ni 0.818, kisha 1/2 kamili, kisha 1/2 − 1/(3π), ambayo ni 0.394. Waulize n ikiwa kubwa sana itakuwaje, na uwaache wagundue kwamba jibu linaijongelea nusu, yaani lile jibu la akili ya kawaida walilolitoa mwanzo.

Katika hali ya pili kuna fundo katikati, mahali ambapo uwezekano ni sifuri. Kila mwaka mtu huuliza: “Chembe inapitaje kutoka kushoto kwenda kulia ilhali katikati haiwezi kuwapo?” Usilijibu swali hilo haraka. Waandike kwanza, wawili wawili, ni dhana gani imefichwa ndani ya neno “inapita”. Hali tuli haina safari. Hakuna njia inayofuatwa ambayo tungeweza kuiwekea kizuizi katikati. Katika darasa langu, ambamo wamo wanafunzi wa Uganda ya mashariki, Wakenya na Wakongomani, mjadala huu huanza kwa Kiingereza cha mihadhara na baada ya dakika tatu umehamia kwenye Kiswahili, nami siuzuii. Ninachofanya ni kuweka mwishoni mwa karatasi jedwali dogo la istilahi za lugha zote mbili, kwa kuwa mtihani utaandikwa kwa Kiingereza.

Hatua ya saba: ongeza wakati

Karatasi ya pili inachanganya hali ya kwanza na ya pili kwa kiasi sawa. Kila moja peke yake haionyeshi badiliko lolote la uwezekano kadiri wakati unavyokwenda. Zikichanganywa, wingu la uwezekano linaanza kuyumba kutoka ukuta mmoja kuelekea wa pili. Watabiri kwanza muda wa myumbo mmoja kwa kutumia h na tofauti ya nishati. Kwa kisima cha nanomita 1 ni takribani femtosekunde 3.7. Wastani wa mahali ilipo chembe, ambao SymPy itautoa kwa fomula, unayumba kati ya 0.32L na 0.68L, hivyo haufiki ukutani kamwe. Mwanafunzi aliyetabiri kwamba utatoka 0 hadi L amepata kosa lenye thamani kubwa, na karatasi yake ibaki na utabiri huo bila kufutwa.

Karatasi ya tatu, ya kutokuwa na uhakika kwa mahali (Δx) na kwa momenta, yaani tungamo mara kasi (Δp), naipita kwa haraka hapa kwa sababu muundo wake ni uleule. Kwa hali tatu za kwanza, zao la Δx na Δp ni 0.568ħ, 1.670ħ na 2.627ħ. Yote yamezidi ħ/2, kikomo ambacho zao hilo haliwezi kushuka chini yake, na hakuna lililolingana nacho.

Hatua ya nane: pale ambapo alama zinashindwa

Itafika siku aljebra haitatoa jibu, kwa mfano kisima kikiwa na umbo lisilo la kawaida, na mwanafunzi anapaswa kuiona siku hiyo darasani. Kuna njia mbili za kutokea, na raha yake ni kuzilinganisha kwenye kisima kilekile ambacho jibu lake tunalijua.

Ya kwanza ni kukisia fankisheni na kukokotoa wastani wa nishati yake. Ile x*(L-x) tuliyoikataa mwanzoni inarudi kwa heshima:

```
g = x*(L - x)
K = -hbar**2/(2*m)*integrate(g*diff(g, x, 2), (x, 0, L))
simplify(K/integrate(g**2, (x, 0, L)))
```

Inatoa 5ħ²/(mL²), wakati jibu kamili ni π²/2, yaani 4.935, mara ħ²/(mL²). Tofauti ni asilimia 1.3 tu, na kisio la namna hii daima haliwezi kushuka chini ya nishati halisi ya hali ya kwanza.

Ya pili ni kuikata nafasi vipande vidogo na kuigeuza opereta kuwa matriki, tukichukua ħ, m na L kuwa 1:

```
k = 200
h = 1/(k + 1)
D = (np.diag(-2*np.ones(k)) + np.diag(np.ones(k-1), 1)
     + np.diag(np.ones(k-1), -1))/h**2
V = np.zeros(k)
nishati, mawimbi = np.linalg.eigh(-D/2 + np.diag(V))
nishati[:4]
```

Zinatoka takribani 4.93, 19.74, 44.41 na 78.93. Hapa jibu linakaribia kutoka chini, si kutoka juu, na ukipunguza vipande kutoka 200 hadi 20 linashuka hadi 4.926. Hii pia ndiyo nafasi ya kuwaambia kwamba mekanika ya matriki ya Heisenberg, Born na Jordan ya mwaka 1925 ilitangulia mlinganyo wa Schrödinger, ili wasidhani matriki ni mbinu ya kompyuta tu.

Halafu waongeze mstari V[90:110] = 500 kabla ya kuitafuta nishati, yaani wajenge ukuta mfupi katikati ya kisima, na watabiri ngazi zitakuwaje. Ngazi mbili za chini zinakaribiana na kuwa jozi. Molekuli ya amonia ina jozi ya namna hiyo, na tofauti yake, inayolingana na marudio ya takribani gigahezi 24, ndiyo iliyotumiwa katika mezeri (kifaa cha kukuza mawimbi ya mikro) ya kwanza mwaka 1954.

Kuendesha kipindi chenyewe

Wanafunzi wakae wawili kwa kompyuta moja, hata kama kompyuta ni nyingi. Mmoja abonyeze, mwingine aandike utabiri, na wabadilishane katikati ya kipindi. Peke yake mtu hubonyeza. Akiwa na mwenzake hulazimika kueleza. Kipindi cha saa mbili kinatosha karatasi moja yenye seli 15 hadi 20, na dakika 30 za mwisho ziwe za ubaoni bila kompyuta.

Umeme ukikatika, somo lisikatike. Chapisha kurasa mbili za karatasi hiyo, zenye maswali ya utabiri na nafasi za kuchora, na uzigawe mwanzoni. Wakumbushe kuhifadhi kwa Ctrl na S kila wanapomaliza swali, na kwamba umeme ukirudi faili litakuwapo lakini thamani zilizokuwa kwenye kumbukumbu zimefutika, hivyo waendeshe tena tangu seli ya kwanza.

Katika kusahihisha, mimi sitoi alama kwa utabiri kuwa sahihi. Natoa alama kwa sababu iliyoandikwa, na kwa maelezo ya kwa nini utabiri na jibu vilitofautiana. Mwanafunzi akijua kwamba utabiri uliokosewa utamnyima alama, ataendesha seli kwanza kisha aandike utabiri baadaye, nawe utasahihisha rundo la utabiri sahihi usio na maana. Kila mmoja namwita kwa dakika tano, nabadilisha thamani moja kwenye karatasi yake mbele yake, na kumuuliza mchoro utakwenda wapi kabla sijabonyeza.

Maswali ambayo sikuyatarajia nayaandika pembeni mwa nakala yangu, na mwisho wa muhula naamua lipi liwe seli mpya na seli ipi iondoke. Ile karatasi ya kwanza, iliyokuwa na seli zaidi ya 40, sasa ina 17, na 9 kati yake ni tupu.